Mume Wangu Walimfanya Babu

Mvua ikianza kugonga mabati, watu hukimbilia ndani. Mume wangu hukimbilia nje. Huchukua gunia la mbolea lililo tupu, akajifunika kichwani, akaenda kuketi migombani nyuma ya choo mpaka mvua ipite. Wageni wakimwona hivyo huniuliza kama tumegombana. Zamani nilijisumbua kueleza. Siku hizi nasema ndiyo, tumegombana, na maswali yanaishia hapo.

Kisa ni baiskeli. Nasema baiskeli nikijua watu watanitazama kama mtu anayesema mumewe aliumwa na kuku. Gari wangeelewa. Pikipiki wangeelewa zaidi, maana kila boma lina mtu wake aliyevunjwa na pikipiki. Baiskeli kwao ni kitu cha kuanguka, kujipangusa vumbi na kuendelea na safari.

Tulikuwa tukiishi Kitale. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli kwenye baraza la duka la vipuri la Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, na sifa ya mume wangu ilikuwa kunyoosha magurudumu. Angegeuza baiskeli kichwa chini, azungushe gurudumu, halafu aguse spoku, zile nyaya za gurudumu, moja moja kwa ukucha huku ameinamisha sikio. Iliyolegea ilikuwa na mlio wake na iliyokaza ilikuwa na wake. Wateja walimtania, "Fundi, leo unatupigia wimbo gani?" Naye alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, hata na mimi nikiwa nimefura, na mimi hufura upesi. Katika nyumba yetu mwenye mdomo nilikuwa mimi.

Jioni moja alikuwa akirudi kwa barabara ya Saboti, tulikokuwa tumepanga chumba. Alikuwa amevaa gurudumu la mteja begani, mkono mmoja kwenye usukani, kama mafundi wote wanavyofanya. Mvua ya masika ilikuwa imechimba shimo barabarani na maji yakalijaza, likaonekana kama dimbwi tu. Gurudumu la mbele likazama, yeye akarushwa, kichwa kikagonga ukingo wa saruji wa kalvati. Waliomwokota walimjua, wakampigia Kalasinga simu, naye akaja na pikapu yake akamkimbiza hospitali.

Nilipofika nilimkuta ameketi. Kiwiko kilikuwa kimepasuka hadi mfupa unaonekana, wakakishona vizuri sana. Kichwani hapakuwa na tone la damu. "Alizimia kidogo tu," waliniambia, na wakaniambia nishukuru Mungu. Nilishukuru. Watu wa kanisa walikuja na sukari na nyimbo, na katikati ya wimbo wa pili mume wangu akainua mkono wake mzima akawaomba wanyamaze. Tulidhani amechoka.

Kisha mambo yakaanza kuja kidogo kidogo. Nilimpa chai ya tangawizi akasema, "Hii ni maji ya moto tu." Nikaongeza tangawizi. Akasema vilevile, na safari hii kikombe kikaruka mpaka ukutani. Siku nyingine nilimwacha na sufuria ya maharagwe jikoni, nikarudi nikakuta chumba kimejaa moshi na maharagwe yamekuwa makaa, naye ameketi palepale anatazama mlango. Niliita, nikapiga kelele, nikamuuliza kama amerogwa. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Sikusikia harufu," akasema. Pua ilikuwa imekufa.

Kiwiko kilipopona alirudi kazini. Kalasinga mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Aligeuza baiskeli ya kwanza, akagusa spoku ya kwanza, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akajaribu tena. Mteja aliyekuwa amesimama karibu akamtania kuhusu wimbo, na spana ikamkosa mteja huyo sikio kwa upana wa kidole.

"Mama, huyu si fundi yangu," Kalasinga aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi najua fundi yangu. Peleka yeye tena, kichwa iangaliwe. Si mkono. Kichwa."

Nilimpeleka. Tulimpata daktari mmoja, msichana wa umri mdogo kuliko wangu, na ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza mimi maswali badala ya kumwangalia kiwiko. Analala? Kelele zinamsumbua? Anasikia harufu? Hasira hii alikuwa nayo tangu mwanzo? Nilijibu huku nalia, maana kila swali lilikuwa kama amekuwa akiishi nasi chumbani. Akasema ubongo ulitikiswa ndani ya fuvu na ukaumia mahali ambapo jicho halioni. Pua huenda isirudi. Usingizi na kelele vingeweza kusaidiwa kwa dawa na utulivu. Kuhusu hasira alisema, "Hiyo si tabia yake, mama. Hilo ni jeraha." Na tulipokuwa tunatoka akaongeza jambo nililolibeba kama mtu abebavyo yai: watu wa nyumbani wote lazima wajue kwamba huyu ni mgonjwa.

Hakuweza kazi tena, tukahamia kwao, upande wa Naitiri, kwa baba yake. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mzee alikuwa peke yake, mkulima wa mahindi, mpole, mwenye aibu hata ya kuomba chumvi. Nilipanda gari na mizigo yetu nikijiambia angalau tunaenda penye watu wake.

Sasa lazima nieleze jina, bila kulitaja. Mume wangu alipewa jina la babu yake, baba wa mzee. Kwetu mtoto akibeba jina la baba yako, unamwita Baba. Ni mapenzi na ni utani. Mume wangu alikua akiitwa Baba na baba yake mwenyewe: Baba amekojoa kitandani, Baba amekataa kwenda shule. Siku za uchumba wetu alinieleza jambo moja akicheka, kwamba akiugua tu ndipo mzee alikuwa anaacha utani huo. Malaria ikimshika, mzee angekaa kando yake ampanguse jasho na kumwita mwanangu. "Nilikuwa naipenda malaria," aliniambia.

Huyo babu sikumkuta hai. Lakini hadithi zake zilikuwa bado zinatembea kijijini. Alipiga teke chakula kisicho na chumvi. Alipopumzika mchana hakuna aliyethubutu kutwanga wala mtoto kuimba. Watoto wake walimwogopa mpaka siku ya kumzika, na mzee wetu ndiye aliyemwogopa kuliko wote.

Wiki yetu ya kwanza pale, tulipakua ugali na mboga. Mume wangu akaonja, akasukuma sahani ikaanguka. "Chumvi iko wapi?" Redio ilikuwa inaimba dirishani. Akainyakua akaipiga chini. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, mahali pa mke wa mtoto, nikamwona mzee akiinuka kutoka kwenye kiti chake cha mikono. Nilidhani anaenda kumkaripia. Alikuwa anatetemeka.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye mwenyewe. Amekuja."

Na kile kiti akamwachia. Hakukikalia tena.

Ndugu walikuja kumwona. Shangazi mmoja alipiga vigelegele, mume wangu akamfokea anyamaze, na shangazi akafurahi mpaka akapiga makofi. "Si mnaona? Ndiye mzee, bana! Hata kukunja uso ni kwake!" Walileta kuku. Walileta wajukuu ili awatazame. Kila alichofanya kwa maumivu kilipokelewa kama ujumbe kutoka kwa marehemu, na mimi nikiwa jikoni nachinja kuku zao nilitamani kuwatupia maji ya moto.

Siwezi kukataa kwamba alipata utulivu. Boma lote lilinyamaza kwa ajili yake. Binti yetu alijifunza kunong'ona, akanong'ona mpaka shuleni, na mwalimu wake akaniita kuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa koo. Jogoo alichinjwa kwa kosa la kuwika. Lakini vile vidonge vya usingizi tulivyotoka navyo Kitale havikuonekana. Mzee alikuwa amevitupa chooni. Alimtuma binti yangu aje aniambie kwamba baba yake yeye, yule babu, hakuwahi kumeza kidonge maishani na hataanza sasa.

Mzee alikuwa pia akimuuliza mume wangu mambo. Asubuhi angesimama mbele ya kile kiti, kofia mkononi, mtu mwenye mvi kichwa kizima. "Baba, tupande lini?" "Baba, ng'ombe huyu tumuuze?" Mume wangu, ambaye sauti yoyote ya asubuhi humwingia kichwani kama msumari, angesema neno lolote ili maswali yaishe. Siku moja mzee aliuliza kama akate miti ya mpakani. "Kata!" mume wangu akapiga kelele. "Kata yote, niache!"

Ile mikaratusi mume wangu alikuwa ameipanda mwenyewe akiwa kijana, kabla hajaenda Kitale kujifunza ufundi. Ndiyo iliyotukinga upepo, na chini yake ndipo alipokuwa anajificha mchana na jua. Kufikia jioni ilikuwa imelala yote. Alitoka, akaona, akashika kisiki kimoja baada ya kingine.

"Nani amekata miti yangu?"

"Si wewe ulisema, Baba?" mzee akajibu, na akaanza kuomba msamaha, mgongo umepinda, akiwa ameinua mkono kama mtu anayejikinga kofi. Naamini makofi hayo aliyapata kweli alipokuwa mdogo. Mume wangu akaketi kwenye kisiki na kunigeukia mimi.

"Mwambie mzee mimi ni mgonjwa," akasema. "Mimi nikisema hawanisikii."

Alikuwa amesema kweli. Akieleza kwa upole, walitikisa vichwa na kungoja aseme neno la maana. Akieleza kwa ukali, ule ukali ndio waliokuwa wanaungoja. Hakukuwa na namna ya kutoka. Nimewahi kumwona ng'ombe aliyeingiza kichwa kwenye ua akashindwa kukirudisha, na hivyo ndivyo alivyokuwa mume wangu katika boma la baba yake.

Lakini nani wa kumwambia mzee? Mke wa mtoto hasemezani uso kwa uso na baba mkwe. Haingii nyumbani kwake akiwemo, hampi mkono, hamtazami machoni. Nilikuwa na maneno ya daktari yote kichwani na sikuwa na njia ya kuyafikisha. Nikamwita wifi yangu mkubwa, aliyeolewa Tongaren. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Sasa wewe unataka mimi niende niambie mzee ati baba yake ni wazimu?"

"Si wazimu. Kichwa kiliumia alipoanguka."

"Kichwa gani? Si aliumia mkono? Mimi mwenyewe niliona bandeji." Kisha akapunguza sauti. "Na kama ni kichwa, mbona kimekuwa sawasawa na cha mzee wa zamani? Wacha hiyo maneno. Watu wanakuheshimu kwa sababu yake."

Niliwaza siku kadhaa. Halafu mchana mmoja nikaosha mikono, nikavuka uwanja, nikaingia nyumbani kwa mzee. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nilisimama ndani kabisa, si mlangoni, na nikamtazama.

"Baba," nilisema, "mwanao ni mgonjwa. Alianguka na baiskeli akaumia kichwa. Babu hajarudi. Babu amekufa. Aliye pale kwenye kiti ni mtoto wako, na anaumwa."

Mzee alivuta kofia ikafunika uso. Punje zilimwagika kutoka mapajani. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlango wa nyuma, akatoka, nami nikabaki na mahindi miguuni. Tangu siku hiyo hakula chakula changu kwa muda mrefu sana. Sahani zilirudi zimepoa jinsi zilivyokwenda. Wazee walidai kuku wa kusafisha nyumba niliyoichafua, na nikatoa. Wanaodhani nilijuta hawanijui. Ningerudia leo, na ningesema kwa sauti zaidi.

Baada ya hapo miaka ilipita tu. Mara moja moja nilimpeleka kliniki Kitale kwa siri, nikidai tunaenda kumsalimia Kalasinga. Dawa nilizificha kwenye mkebe wa unga. Usiku aliopata usingizi, asubuhi yake alikuwa karibu kuwa mtu wangu tena, na hizo asubuhi ndizo zilizoniumiza zaidi kwa sababu zilinikumbusha. Asubuhi mojawapo aliniambia, bila ubaya wowote, "Hata wewe sikusikii harufu. Nikilala karibu nawe ni kama nimelala na picha yako." Nilienda kisimani na mtungi uliojaa ili nipate mahali pa kwenda. Nilikuwa mwanamke mwenye mwili wangu bado, na niliumia.

Siku nyingine nilimfuata migombani na mwavuli. Mvua ilikuwa imekonda. Nilimuuliza anataka nini, nikidhani atasema chai, au blanketi.

"Nataka aniite mwanangu," alisema. "Mara moja tu. Akiniita hivyo nitajua wameona kwamba niliumia."

Nilimwambia, "Atakuita siku moja." Nilisema kama mtu anayemdanganya mtoto kuhusu sindano.

Mzee amefariki mwaka huu, na neno hilo hakulisema. Mwaka wake wa mwisho akili yake ilianza kumpotea. Alipotea njia kati ya nyumba na choo. Alimtafuta marehemu mkewe shambani. Kwake yeye kila mtu alikubali upesi kwamba ni ugonjwa. Hakuna aliyetafuta babu wa kumsingizia. Wakamfunga blanketi, wakamletea uji, wakamwita maskini. Niliona wivu. Sioni haya kusema niliona wivu.

Mume wangu ndiye aliyekaa naye. Alijua jinsi ya kukaa mahali pasipo kelele, na nadhani alikuwa na tumaini. Aliniambia kwamba watu wakizeeka hivyo hurudi nyuma, na huenda mzee akarudi mpaka zile siku za malaria. Kila siku alivuta kile kiti mpaka kando ya kitanda, akangoja.

Mzee alirudi nyuma kweli, lakini alipita zile siku za malaria bila kusimama. Akaenda mpaka utotoni mwake.

Mchana mmoja wingu lilishuka kutoka upande wa mlima, na mvua ya mawe ikapiga mabati ghafla kama mtu amemwaga kokoto. Nilikuwa jikoni na uji wa mzee. Nilitazama mlangoni nikitarajia kumwona mume wangu akipita na gunia lake. Hakupita. Gunia lilikuwa kwenye msumari. Nikaogopa, nikakimbia na kibuyu mpaka nyumba ya mzee na kuingia bila kubisha. Hakuna aliyejali tena mila hizo, mzee hakunijua mimi ni nani.

Mzee alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mume wangu kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka.

"Baba, usitoke," alikuwa anasema. "Usiniache na hii kelele. Baba, bado umenikasirikia?"

Mume wangu alikuwa amekunjamana kitini. Mkono wake wa pili ulikuwa umeziba sikio, meno yameumana, mishipa ya shingo imesimama. Naijua sura hiyo. Baada yake ndipo vitu huruka. Nikajiandaa kuingia katikati yao. Akamwinamia mzee.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sijakukasirikia. Niko hapa."

Na akabaki pale, chini ya mabati yale, akimpangusa mzee jasho kwa pindo la shati lake, huku yeye mwenyewe machozi yakimtiririka kwa maumivu.

Niliweka kibuyu chini. Nilichukua gunia msumarini nikajifunika, nikaenda migombani, nikaketi mahali pake. Tangu tulipotoka Kitale nilikuwa sijawahi kulia kwa sauti. Siku hiyo nililia nikipiga yowe, na mvua ilikuwa na kelele kunishinda, hakuna aliyenisikia.